Kitatange Hataki Kula

Jumatatu, 23 Septemba

Siku ya tatu. Hajala.

Nimeamka kabla Mama hajawasha jiko la vitumbua. Nimeteremka ufukweni na ndoo, nimerudi, nimemimina kopo moja ndani ya tangi mpaka maji yakafika kwenye mstari niliouchora kwenye kioo. Hii ni kazi yangu ya kila asubuhi tangu mwanzo wa Agosti. Maji yakishuka, nayarudisha. Naipenda kwa sababu saa kumi na mbili hakuna anayetaka nizungumze. Kisha nimepangusa ule unga mweupe unaojitokeza kwenye ukingo wa kioo. Kisha nimewapa chakula.

Kulwa na Doto wamekula. Hao samaki wawili wenye milia hula chochote, hata punje ya wali. Kitatange amekitazama chakula kikipita mbele ya mdomo wake mpaka kikatua mchangani. Hakugeuka.

Ni mdogo, hazidi kidole gumba changu. Njano mwili mzima, na mstari mweusi umepita juu ya jicho, kama mtu aliyejifunika ili asitambuliwe. Nilimkuta Jumamosi kwenye kidimbwi cha mwamba, bahari ya bamvua ilipotoka mbali ikamwacha. Nilimchota kwa mtandio wangu. Mtandio umeharibika. Sijutii.

Tangi si langu. Ni la Mwalimu Tekla wa baiolojia. Alilipata nyumba ya wageni moja ilipofungwa, na maabara yetu haina umeme wa uhakika wa kuendesha pampu ya hewa. Akaniuliza kama kwetu kuna nafasi. Niliitikia kwa kichwa kabla sijamwuliza Mama. Sijawahi kufanya jambo haraka namna ile.

Mama alikubali. Lakini kitatange wa kwanza alipokufa mwezi uliopita, baada ya siku sita bila kula hata mara moja, alisema jambo jingine. "Akifa na huyo mwingine, tangi linarudi kwa mwalimu wako. Nyumba yangu si ya kufishia viumbe." Hakufoka. Ndiyo maana najua ni kweli.

Jumanne, 24 Septemba

Siku ya nne.

Nimejaribu: uduvi wakavu, niliowaosha mara tatu. Dagaa waliopondwa. Kiini cha yai la kuchemsha, kidogo sana, kwenye ncha ya njiti.

Uduvi: amewakimbia. Dagaa: Doto aliwala wote. Kiini cha yai: maji yamechafuka, nimetumia nusu saa kuyasafisha, nimechelewa shule.

Kitabu cha Mwalimu kinaanzia ukurasa wa sitini na moja, katikati ya sentensi. Mchwa wamekula mwanzo wote. Sura ya maji haipo. Sura ya chakula ipo, bahati nzuri, kwa sababu shida yangu ni chakula. Nasoma na kamusi pembeni. Kinasema jamii ya kitatange huishi kwa kudonoa matumbawe na minyoo midogo, na kwamba wengi hufa kwa njaa majumbani mwa watu huku chakula kimewazunguka. Kinasema asiyewahi kufuga asianze na huyu.

Ningejua hilo kabla ya mtandio.

Alhamisi, 26 Septemba

Siku ya sita. Wa kwanza alikufa siku ya sita. Leo nimekimbia kutoka shule mpaka nyumbani. Yuko hai.

Mama mdogo Siwema amerudi. Hufanya kazi kwenye majaruba ya chumvi, upande wa Kivinje, na huja kwetu kila Alhamisi kulala siku mbili. Ni mdogo wake Mama lakini ukiwasikia utafikiri yeye ndiye mkubwa. Anaingia na nyumba nzima inajua. Nampenda. Namwogopa pia, kwa sababu hakuna ninachofanya ambacho hakigeuki hadithi barazani.

Leo amesimama mlangoni, hata kandambili hajavua. "Mgeni wako bado amegoma? Mwambie hapa si hoteli, hatuna menyu."

Nimeinamia tangi. Akaongeza:

"Kwetu samaki akikataa kula, tunamla yeye!"

Mama Shabani, jirani yetu, alikuwa amekuja kuchukua vitumbua. Amecheka mpaka ameshika fremu ya mlango. Nimeingia chumbani, nimefunga pazia. Nimewasikia wanaendelea. Mama mdogo amesema mimi na samaki tumefanana, wote hatusemi na wote hatuli. Hilo la pili si kweli. Nilikula ugali wote.

Siku moja nitajibu. Jibu huwa nalo, ila linafika wakati wenzangu wameshalala.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku ya saba. Amempita mwenzake kwa siku moja.

Nimefikiri kumrudisha. Nimefikiri kwa utulivu, na kalamu mkononi, kama hesabu.

Pale ufukweni kwetu ni mchanga na matope tu. Nikimwachia hapo ataliwa kabla sijageuka. Pa kumrudisha ni kwenye mwamba, kwenye matumbawe, na mwamba haufikiki kwa miguu mpaka bamvua. Sasa ni maji mafu, bahari inatoka kidogo na kurudi, mwamba haujitokezi kabisa. Bamvua linalofuata ni wiki ijayo. Siku nitakayokuwa nyumbani bahari ikiwa imetoka vizuri ni Jumamosi, tarehe tano, kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo nimeahidi. Asipokula mpaka asubuhi ya Jumamosi hiyo, nitampeleka mwenyewe kwenye kidimbwi chake. Nikimpeleka akiwa hai, Mama hatakuwa na neno. Lakini tangi nitalirudisha kwa Mwalimu hata hivyo. Mtu asiyeweza kumlisha kiumbe asimfungie.

Nimeandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo, upande wa ukutani, ambao Mama mdogo haoni.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya nane. Amedonoa!

Kitabu, ukurasa wa themanini na nne: mpe chakula chake kikiwa kimeshika kwenye kitu kigumu, kwa sababu hajui kula kinachoelea. Nimekwenda sokoni, nimenunua chaza hai. Nimemfungua mmoja kwa kisu cha Mama, nimemweka mchangani na gamba lake. Kulwa na Doto nimewazuia upande wa pili kwa kipande cha chandarua.

Dakika arobaini. Nimehesabu matofali ya ukuta. Akasogea. Akamzunguka chaza mara mbili. Akaweka mdomo.

Akatema.

Akaweka tena. Akatema tena, akarudi kwenye pembe yake.

Si kula. Najua si kula. Lakini anajua hicho ni chakula. Hajasahau. Leo nimejawa na furaha, na sina wa kumwambia. Mama mdogo ameshaondoka kurudi majaruba, na afadhali.

Jumapili, 29 Septemba

Siku ya tisa. Nilifurahi mapema.

Hakumgusa chaza. Amekaa kwenye pembe karibu na pampu, mapezi ameyabana. Anapumua haraka. Nimehesabu, halafu nimeacha kuhesabu.

Umeme umekatika mchana kutwa. Pampu imezimika. Nimekoroga maji kwa mkono ili yapate hewa, mpaka bega likauma. Nimeondoa kifuniko cha kioo na kufungua dirisha lote upepo uingie. Upepo umeingia, maji yameshuka upesi. Nimekwenda ufukweni mara mbili. Makopo matatu badala ya moja. Maji mapya kabisa, yale ya mbali kidogo, niliingia mpaka kiunoni. Nilifikiri akionja kwao atapata nguvu.

Hakupata.

Unga mweupe umejaa ukingoni. Sikuupangusa. Sina hamu.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ya kumi. Njano yake imepauka. Kama kitenge kilichoachwa juani.

Mwalimu Tekla amenisimamisha kwenye korido. "Mwanaidi, mgonjwa wetu vipi?" Nikasema anaendelea vizuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa anataka kunisaidia. Nilitazama viatu vyake nikadanganya.

Sipendi uoga wangu. Leo nauchukia.

Jumanne, 1 Oktoba

Siku ya kumi na moja. Nitaandika yote kwa mpangilio, hata kama mkono utachoka.

Nimerudi shule nimemkuta Mama mdogo Siwema kwenye mkeka, mguu umefungwa kitambaa. Amejikata kwa jembe, na jeraha halikai kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo amerudi mapema mpaka lipone. Amelalamika kuhusu mguu, kuhusu dereva wa bodaboda, kuhusu Mama kumpa uji badala ya chai. Mimi nimepita na begi langu, nimemwamkia, nimeenda kupiga magoti mbele ya tangi.

Kitatange alikuwa ameegemea kioo. Nilidhani amekufa. Akatikisa pezi.

Nimelia. Bila sauti, lakini mabega yananisaliti kila mara.

Mama mdogo akanyamaza. Nilijua kuna jambo kwa sababu ya kimya chake. Nikamsikia anakuja anachechemea nyuma yangu. Nikasubiri mzaha.

Badala yake akanyoosha kidole, akakwangua ule unga mweupe ukingoni, akautia mdomoni. Halafu akachovya kidole kwenye maji ya tangi, akalamba. Akachovya tena.

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Baharini."

"Hii si bahari. Hii ni jaruba la pili."

Sikumwelewa. Akaketi chini, mguu mbaya ameunyoosha, akanieleza kama anavyowaeleza wageni kazini kwao. Maji ya bahari huingizwa jaruba la kwanza. Jua linayapunguza. Yanapelekwa la pili yakiwa makali zaidi, kisha la tatu, mpaka chumvi inakaa chini. Yeye amefanya kazi hiyo miaka tisa, ulimi wake unajua maji yametoka jaruba gani.

"Sasa nieleze. Yakipungua humu unafanyaje?"

"Naongeza maji ya bahari. Kila siku."

"Tangu lini?"

"Agosti."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu! Jua linakunywa maji, chumvi linaiacha! Wewe kila asubuhi unaniletea chumvi mpya juu ya ile ya jana. Unavuna chumvi sebuleni kwa dada yangu!"

Nilikuwa natazama ule mstari wangu kwenye kioo. Maji yalikuwa palepale kila siku, kwa hiyo niliamini ni yaleyale. Nimesoma kuhusu kukauka kwa maji tangu darasa la nne. Nimepata alama zote. Ila hapa sikuwaza kabisa. Maji ya bahari kwa samaki wa bahari. Nani angewaza kumtilia maji ya kunywa? Tumekua tukijua mvua kubwa ikiingia kwenye kidimbwi, vilivyomo vinakufa.

Nikamwambia hivyo. Nikamwuliza mbona Kulwa na Doto wanakula. Nadhani hizo ndizo sentensi ndefu zaidi nilizowahi kumwambia Mama mdogo.

"Hao walikuwemo tangu mwanzo," akasema. "Ukali umewapanda kidogo kidogo. Huyu umemtoa baharini ukamtumbukiza moja kwa moja. Hata mimi ungenitia humo nisingeuliza chakula kiko wapi."

Basi ndicho kilichomwua wa kwanza. Si njaa. Niliyemzika chini ya mpapai, nikamwandikia jina kwenye kipande cha mbao. Kila asubuhi nilibeba ndoo kabla ya jua, nikijiona mwema. Nilimuua kwa bidii.

Nilisema hilo kwa sauti. Sikukusudia.

Mama mdogo hakucheka. Akasema mwaka wake wa kwanza majarubani aliona jaruba la mwisho limeanza kuweka chumvi, akafikiri akiongeza maji ya bahari chumvi itakuwa nyingi zaidi. Akafungulia mlango wa maji usiku mmoja akijiona hodari. Asubuhi chumvi yote ya watu kumi na wawili ilikuwa imeyeyuka. "Walinipa jina mpaka leo wananiita. Sikwambii."

Nimemwomba aniambie. Amekataa.

Bado Jumanne

Kazi yenyewe imeanza baada ya magharibi.

Mama mdogo ametoa kwenye mkoba wake kichupa kidogo cha dawa ya macho, chenye shingo nyembamba. Ndani kuna mchanga kidogo, kimefungwa kizibo, na shingoni umezungushwa uzi mwekundu. Msimamizi wao ana kipimo cha kioo cha kununua, lakini wao wana vichupa. Ukikitia kwenye maji ya bahari kinasimama, na uso wa maji unagusa uzi. Maji yakiwa makali zaidi, kichupa kinapanda, uzi unabaki juu. Hii ni fizikia ya kidato cha pili! Mambo ya kuelea na kuzama! Yameandikwa kwenye daftari langu kwa wino wa kijani. Sikuwahi kuyaona yakifanya kazi.

Tumekitia kwenye ndoo ya bahari. Uzi ukagusa maji.

Tumekitia kwenye tangi. Uzi ulikaa juu hewani, upana wa kidole kizima.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko. Hakusema kitu kuhusu tangi. Akauliza tu maji matamu yatatoka wapi. Mama mdogo akaangalia pipa la maji ya mvua, yale ya masika, yaliyobaki chini ya nusu.

"Yale ni ya chai!" Mama akasema.

"Chai utapikia ya bomba."

"Chai ya bomba unaikubali wewe? Wewe uliyeninunia asubuhi kwa ajili ya uji?"

Wamebishana kwa Kimachinga, lugha ya kwao, ambayo naielewa nusu. Nimeelewa mwisho wake, kwa sababu Mama alinipa ufunguo wa kifuniko cha pipa.

Mama mdogo amesema tusiharakishe. Kubadilisha ghafla kulimwumiza mara ya kwanza, kutamwumiza tena. Nikapiga hesabu kwenye daftari, naye akaikagua ingawa anasema hesabu si zake. Kutoa makopo manane ya tangi, kutia makopo manane ya mvua, polepole, kwa mrija mwembamba. Asubuhi na jioni. Mpaka uzi uguse.

Mikono yangu ilisita kwenye kopo la kwanza. Maji ya kunywa, kwa samaki wa bahari. Mama mdogo akasukuma kiwiko changu.

Jumatano, 2 Oktoba

Siku ya kumi na mbili. Hajala. Lakini hajafa.

Makopo nane asubuhi, nane jioni. Uzi umeshuka nusu ya njia. Kifuniko nimekirudisha.

Shuleni nimemfuata Mwalimu Tekla mwenyewe, mlango wa ofisi ya walimu, mbele ya watu. Nikamwambia nilimdanganya Jumatatu. Nikamwambia kuhusu chumvi na kichupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi akasema, "Na mimi kila nilipoulizwa na wewe nilikuwa nafikiri chakula." Yeye ni mtu wa Ndanda, bahari ameiona akiwa mkubwa. Ameniomba kichupa kimoja kama kile kwa ajili ya darasa. Nikasema nitamwuliza mwenyewe.

Mwenyewe amesema atamtengenezea sita.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku ya kumi na tatu. Uzi umegusa maji! Tumeita Mama aje aone. Amesema, "Enhe, sasa?" na kurudi jikoni, lakini alichungulia tena baadaye akidhani sipo.

Kitatange hajala. Amehama kutoka pembe ya pampu. Anapumua taratibu.

Najihadhari nisifurahi. Jumamosi iliyopita imenifunza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siku ya kumi na nne.

Chaza asubuhi: amemzunguka, hakugusa. Chaza jioni: hivyo hivyo. Karatasi yangu bado imebandikwa upande wa ukutani. Kesho ndiyo tarehe.

Mama mdogo ameiona. Ameisoma bila kuuliza. Kisha akasema, "Kesho nakusindikiza mwambani."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Nimemwandalia ndoo yenye kifuniko. Nimeosha kwa maji matupu, bila sabuni. Nimejaribu kuzoea wazo hilo. Ataona matumbawe yake. Ni jambo jema. Nasema kweli, ni jema. Na tangi tupu nitalifuta vizuri kabla ya kulirudisha.

Sitaki kulirudisha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya kumi na tano.

Bahari ilikuwa itoke karibu na saa tano na nusu. Saa tatu nilikuwa tayari. Mama mdogo alikuwa anafunga kitambaa kipya mguuni, na mfuko wa nailoni juu yake. Mama alikuwa anahesabu vitumbua vilivyobaki. Nilitaka kumpa chaza wa mwisho kabla ya safari, ili nisiseme sikumpa.

Kuna kipande kikavu cha tumbawe dirishani, Mama hukiwekea sabuni. Sio hicho. Nilichukua kingine, nilichookota zamani, ambacho hakijawahi kuona sabuni. Nilimponda chaza, nikampaka kwenye vitundu vya tumbawe kwa kidole, kama mtu anayepaka siagi, nikaliteremsha mchangani. Kitabu kilisema kitu kigumu. Gamba la chaza ni gumu, ila si kwao. Tumbawe ndiko kwao.

Alikuja moja kwa moja. Hakuzunguka.

Akadonoa. Nikasubiri ateme.

Akadonoa tena. Na tena. Mdomo wake mdogo unaingia kitundu hiki, unatoka, unaingia kile. Kama fundi cherehani. Kitu cheupe kiliingia na hakikutoka. Nilitazama mchanga chini yake, nikitafuta kilichotemwa. Hakuna.

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikashika nguo ya mtu. Ilikuwa ya Mama mdogo. Akainama, mfuko wa nailoni ukakwaruza sakafu.

Mama mdogo Siwema, anayesikika mpaka sokoni, alininong'oneza. "Anakula?"

"Anakula."

"Sasa mbona tunanong'ona?"

"Sijui."

Tukaendelea kunong'ona. Mama akaja akatukuta hivyo. Akatazama kwa muda mrefu, akipangusa mikono kwenye kanga. Akasema, "Haya. Kumbe alikuwa na kiu." Kisha akabandua ile karatasi ya tarehe kutoka kwenye kioo na kuwashia jiko.

Tulikwenda mwambani hata hivyo, polepole kwa sababu ya mguu. Ndoo ilikwenda tupu. Ilirudi na matumbawe mawili yaliyokufa zamani, ya kupakia chakula. Njiani Mama mdogo alimsimulia kila aliyepita. Kwenye hadithi yake mimi nilikuwa daktari na yeye muuguzi. Mara moja nilimsahihisha, mbele ya Mama Shabani. Nikasema yeye ndiye aliyegundua ugonjwa, mimi ndiye niliyeuleta.

"Mnamsikia!" akasema. "Ameanza kujibu."

Jumapili, 13 Oktoba

Mama mdogo amerudi majarubani jana. Mguu umepona, ameacha kichupa juu ya kifuniko cha tangi.

Nimechelewa kuamka kidogo. Sikwenda ufukweni. Kopo moja la maji ya mvua mpaka kwenye mstari, kisha kichupa. Uzi uligusa. Ukingo wa kioo ulikuwa msafi, nimeupangusa hata hivyo kwa mazoea.

Chini ya mpapai nimeng'oa majani yaliyoota kando ya kile kibao. Sikuandika kitu kipya. Nimekaa kidogo tu.

Pipa limebaki robo na vuli haijaanza. Mama amepika chai kwa maji ya bomba. Ina ladha ya bomba. Amemimina vikombe viwili, akanywa chake chote bila neno.

Kitatange amekula chaza mzima, kitundu kwa kitundu. Nimemtazama mpaka chai yangu imepoa.